Meza ya Baruti ya Ervin Orsak

Katika bonde la mto Lavaca, kule Texas, majirani huazimana karibu kila kitu. Huazimana trekta, ngazi, fahali wa kupandisha, na wiki ya sikukuu ya parokia huazimana hata wake, mradi mke mwenyewe awe anajua kukanda unga wa kolache, vile vimkate vitamu vya Kicheki. Lakini hakuna mtu anayepiga risasi zilizofungwa na mwenzake. Si uchoyo, wala si uadui. Risasi ya dukani imetoka kiwandani, ikikulipukia usoni unaye wa kumshitaki. Risasi iliyofungwa nyumbani imetoka mkononi mwa mtu, na mtu huitwa kwenye simu, huchoka, husahau. Ndiyo maana mzee wa huko akifariki na kuacha maboksi ya risasi alizofunga mwenyewe, wanawe huzing'oa moja moja kwa heshima zote na kwenda kuimwaga baruti kwenye mawaridi ya mama yao. Mawaridi hustawi sana.

Ervin Orsak peke yake ndiye aliyepewa heshima tofauti. Shemeji yake Ladis, mdogo wa mkewe Albina, alikuwa akipiga risasi za Ervin tangu wote wawili walipokuwa na nywele kichwani, na alizipiga hadharani, watu wakiona. Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo ambayo mwanamume wa bonde lile anaweza kumpa mwenzake. Kanisani walimfahamu Ervin kama mtu wa kimya aliyestaafu kwenye kinu cha chakula cha mifugo. Kwa wawindaji alikuwa yule ambaye shemeji yake anapiga risasi zake.

Meza yake ilikuwa ndani ya kibanda ambacho baba yake alikuwa akifukizia soseji, na hadi leo ukuta unanuka moshi. Akiingia humo alivua saa, akaiacha simu nyumbani, akafunga mlango. Redio ilikuwa mwiko, hata Jumapili saa ya muziki wa polka. Alisafisha maganda yaliyokwisha kupigwa, akabandika fataki mpya, kile kidude kinachowasha baruti, kwenye kitako cha kila ganda, akapima baruti kwenye mizani ndogo, akamimina, kisha akakandamiza kichwa cha risasi juu kwa mashine ya mkono na kuubana mdomo wa ganda ili kisitikisike. Kisha ganda jingine. Albina alikuwa akikaa naye kwenye kigoda karibu na dirisha, kazi yake ikiwa kusugua maganda hadi yang'ae. Hawakuongea. Waliongea wakiwa jikoni, na huko waliongea vya kutosha.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo lingemfanya Ervin azungumze bila kuulizwa, nalo ni risasi ipi inayomfaa nguruwe mwitu. Vijana wa mjini walikuja na vichwa vyepesi vinavyokwenda mbio kama nini, vyenye ncha kali za kupendeza. Ervin aliwatazama kama mtu anayetazama kiatu cha harusi kwenye tope. Dume zee la nguruwe, aliwaambia, limevaa ngao ya ngozi ngumu mabegani. Kichwa chepesi kikifika hapo kinapasuka juu juu, na mnyama anakwenda kufa kichakani baada ya siku mbili za mateso. Dhambi hiyo ni yako. Mpe kichwa kizito, bapa mbele, kinachokwenda polepole na kufika mbali ndani.

Tena bunduki yake ilikuwa ile fupi ya kuvuta mkono chini, aliyoirithi kwa baba yake, ambayo risasi zake hukaa ndani ya bomba chini ya mtutu, zimepangana pua kwa kitako. Pua ya ile ya nyuma hugusa fataki ya ile ya mbele. Ukiweka humo risasi yenye ncha, bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo, ncha hiyo inaweza kuigonga fataki na bomba lote likalipuka chini ya kiganja chako cha kushoto. "Bapa, mama, bapa," alikuwa akimwambia Albina, kana kwamba Albina ndiye aliyetaka za ncha.

Siku mambo yalipoanza kuharibika ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Mei, na umande ulikuwa bado kwenye nyasi. Nguruwe walikuwa wamelivamia shamba la majani na kulipindua kana kwamba plau imepita. Ervin na Albina walijibanza kwenye mti wa pekani, yeye na bunduki, mkewe na darubini. Kundi likatoka kichakani, jike mbele. Ervin akalenga, akavuta.

Badala ya mlio, ikasikika "puu" tu, kama kizibo cha chupa. Nguruwe wakainua vichwa. Ervin akauvuta mkono wa bunduki chini, ganda likaruka nje, risasi nyingine ikaingia, na kidole kikarudi kwenye kifyatulio.

Albina alimrukia. Mwanamke wa miaka sabini na magoti mabovu alimrukia mumewe na kumshika kidole.

"Wewe! Una wazimu?" Ervin alifoka. Nguruwe walikwisha kutimka.

"Iko ndani, Ervin. Kichwa kiko ndani ya mtutu."

"Hamna kitu humo. Baruti imepata unyevu, basi."

"Haya, twende nyumbani tukaangalie."

Nyumbani Albina alipitisha ufito wa shaba mtutuni, ukakwama katikati. Alipougonga, kichwa kizito kilidondoka juu ya gazeti la parokia. Hakuhitaji kuambiwa maana yake. Ganda halikuwa na baruti hata chembe. Fataki peke yake ndiyo iliyokisukuma kichwa hadi hapo. Kama Ervin angefyatua mara ya pili, risasi ingelikuta kichwa cha kwanza kimeziba njia, na chuma kingepasuka kando ya shavu lake. Alimtazama mumewe aliyekuwa akimimina kahawa, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kusahau kutia baruti.

Dalili zilikuwepo, bila shaka. Alikuwa ameanza kuita jina la mbwa aliyekufa zamani. Mara moja alirudi kutoka dukani na misumari badala ya maziwa, wakacheka wote wawili. Albina alikuwa amejiambia kwamba ni uzee wa kawaida, na kwamba kwenye kibanda kile Ervin alikuwa bado Ervin. Sasa alijua kwamba hata humo anaanza kutoweka.

Binti yao Darlene, anayeishi Houston na ambaye hushauri kwa sauti ya juu, alisema kwenye simu, "Mama, funga hicho kibanda kwa kufuli. Leo hii. Bunduki mpe mjomba Ladis."

"Halafu baba yako afanye nini?"

"Atazame televisheni kama wazee wenzake."

"Baba yako akikaa mbele ya televisheni anakuwa mgonjwa, Darlene. Akikaa mezani kwake anakuwa baba yako."

"Mama, anaweza kufa!"

"Najua," alisema Albina, akakata simu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanawe.

Alichofanya watu wengine wangekiita upumbavu, na mimi sitabishana nao. Kila siku baada ya chakula cha mchana Ervin alilala. Alipoanza kukoroma, Albina, ambaye sasa ufunguo wa kabati la bunduki aliutunza yeye shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria, alikwenda kibandani. Alizichukua risasi ambazo mumewe alifunga asubuhi, akazitia moja moja kwenye nyundo ya kung'olea, yenye tundu la kushikia ganda, akagonga hadi kichwa kikatoka, akamwaga baruti kwenye kisahani, akapima. Nyingi zilikuwa sawasawa kabisa, na hizo ndizo zilizomliza. Nyingine zilikuwa tupu. Siku moja alikuta ya ncha kali ndani ya boksi la bapa. Siku nyingine kilichomwagika kwenye kisahani kilikuwa vipande bapa vya kijivu, baruti ya bunduki ya marisau, inayowaka kwa ghadhabu mara mbili ya ile ya kawaida. Siku hiyo alitoka nje akaimwaga yote kwenye nyasi.

Kisha alizifunga upya. Alikuwa ameangalia mikono ile tangu alipoolewa, na mikono yake mwenyewe ilizoea kupima unga na chachu kwa ajili ya watu mia tatu wa sikukuu ya parokia. Alizirudisha kwenye boksi lilelile lenye mwandiko wa Ervin, akafunga mlango, akaenda kuweka maji ya kahawa. Ervin akiamka anakunywa, anaridhika na dunia. Kila walipokwenda kuwinda alipiga risasi za mkewe bila kujua. Hapo ndipo lilipokuwa jiwe moyoni mwa Albina. Kwa sheria ya bonde lile, alikuwa amemfanyia mumewe jambo ambalo mtu hafanyiwi hata na adui.

Ladis ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa siri hiyo. Alikuja kuchukua boksi lake kama kila mwaka, akakaa jikoni akila kolache za plamu na kumchokoza mwenye nyumba.

"Shemeji, risasi zako hizi hata nikifumba macho zinapata."

"Ukifumba macho ndiyo unalenga vizuri," Ervin alimjibu. "Ukiyafumbua unapiga matangi ya maji."

"Tangi moja! Miaka yote hiyo, tangi moja tu!"

"Na lilikuwa la padri."

Walicheka hadi Ladis akapaliwa na unga. Albina akamsindikiza hadi kwenye pikapu, akaweka kiganja juu ya boksi alilolishika.

"Hilo bado sijalipitia. Usizipige, Ladis."

Alimweleza kwa maneno machache. Ladis aliligeuza boksi mkononi mwake, akatazama maandishi, akatazama mlango wa jikoni ambako mwenzake alikuwa akipunga mkono.

"Akiniuliza je?"

"Mwambie zinapiga vizuri."

"Sijawahi kumdanganya shemeji, dada. Nimekudanganya wewe, nimemdanganya mke wangu, nimeidanganya serikali. Yeye, sijawahi."

Alidanganya, hata hivyo. Kila Jumapili baada ya misa alimwambia Ervin kwamba zinapiga vizuri, na Ervin aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Boksi lililala limefungwa chini ya kitanda cha Ladis. Mzee mwenyewe alizidi kupungua. Alisahau majina ya wajukuu, akasahau kwamba mama yake amefariki na kumlilia upya. Kila asubuhi aliingia kibandani akavua saa.

Mwezi wa Oktoba dume kubwa likaingia shambani, peke yake, jeusi, lenye meno ya kutisha. Lilimpasua mbwa wa jirani, likachimba karibu kabisa na kisima. Ervin aliliona kutoka dirishani na macho yake yakachangamka kwa namna ambayo Albina hakuwa ameiona kwa miezi.

"Hilo nalitaka," alisema. "Kesho alfajiri."

Mchana ule Albina alikuwa kibandani na lile boksi la asubuhi. Sijui ni mbwa waliobweka au ni hamu ya uwindaji iliyomwamsha mzee mapema. Albina alipoinua macho alimwona mumewe amesimama mlangoni, bila viatu, nywele zimesimama upande mmoja. Juu ya meza kulikuwa na maganda matupu, vichwa vimepangwa, na kisahani cha baruti.

"Unazing'oa risasi zangu," Ervin alisema.

Sauti ilikuwa yake. Ile ya zamani, iliyotua. Katika siku zote ambazo akili yake ingeweza kuchagua kurudi, ilichagua hiyo, na Albina alijua kwamba hawezi kumdanganya.

"Ndiyo."

"Zina nini?"

"Mbili hazina baruti. Hii umeitia baruti ya marisau."

Ervin akasogea, akatia kidole kwenye kisahani, akavitazama vile vipande vya kijivu kwa muda mrefu. Akavuta kigoda cha dirishani, kile cha mkewe, akakaa.

"Mimi nimefanya hivi?"

"Wewe, baba."

"Tangu lini unazing'oa?"

"Tangu Mei. Kichwa kilikwama mtutuni."

"Sikumbuki." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Na ninazopiga? Hizi zote nilizopiga tangu Mei?"

Albina alitamani ardhi ipasuke. "Ni zangu. Nilizifunga mimi."

Ervin alisimama ghafla hadi kigoda kikaanguka. "Umenipigisha risasi za mtu mwingine! Miezi yote hii! Hukuniambia! Albina, mimi simfanyii mtu hivyo hata nikimchukia!"

"Ningekwambiaje? Ningesema nini? Kwamba Ervin Orsak hajui tena kutia baruti?"

"Ndiyo! Ungesema hivyo!"

"Ningesema asubuhi ukasahau jioni, nikakuvunja moyo upya kila siku!" Alikuwa analia sasa, na nyundo bado mkononi. "Na huyo mtu mwingine ni nani? Nimekuzalia, nimekuzikia wazazi, nimesugua maganda yako hadi vidole vikapoteza alama. Mimi ni mtu mwingine?"

Ervin akainama. Alikiokota kigoda, akakisimamisha, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo. Kisha alikwenda upande wake wa meza, akachukua risasi mojawapo kati ya zile ambazo Albina alikuwa amekwisha kuzifunga, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akakagua fataki, kama imekaa sawa. Akapitisha ukucha kwenye mdomo wa ganda.

"Kwa nini umeweka kizito?"

"Kwa sababu ni dume. Ana ngao."

"Chepesi kina kasi zaidi."

"Kinapasuka juu juu. Atakwenda kufa kichakani."

"Na pua?"

"Bapa. Kwa ajili ya bomba."

"Umebana zaidi kuliko mimi."

"Mkono wangu ni wa unga. Sijui kubana kidogo."

Kitu kama tabasamu kilipita usoni mwa Ervin. Aliiweka risasi kwenye kiganja, akaifunika kwa kiganja kingine.

"Mama, nisikilize nikiwa bado nipo," alisema. "Hii najua si yangu. Najua umeifunga wewe. Na kesho nitaipiga."

Albina akaiweka nyundo chini. Alifunga ndoa kanisani, mbele ya watu wote wa bonde, na Ervin alitoa ahadi zake siku hiyo kwa sauti ambayo haikusikika kupita benchi la kwanza. Haya ndiyo maneno aliyokuwa akiyangoja tangu siku hiyo.

Alfajiri walikuwa chini ya mti. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kijito. Albina alimpa ile risasi mkononi, naye akaisukuma bombani, akavuta mkono wa bunduki kuipandisha, akatulia. Dume likatoka kwenye mianzi na kusimama ubavu. Ervin akalenga, akavuta. Mlio ulikwenda hadi mtoni ukarudi, na dume likaanguka palepale liliposimama, halikupiga hata hatua.

Albina alifunika mdomo. Alimgeukia mumewe, machozi yamekwisha kumjaa, akitaka tu amtazame.

Ervin alimtazama. Uso wake uling'aa kwa furaha kama wa kijana.

"Umeona?" alisema. "Umeona, mama? Na Ladis atasema nazeeka! Hiyo ni risasi yangu, nimeifunga mwenyewe. Bonde zima hili halina mkono mwingine kama huu."

Albina alisubiri kidogo. Pengine lingekuja neno jingine. Halikuja.

"Nimeona," alisema.

"Nikifa utakuja kushawishiwa na watu. Utaletewa maboksi, utaambiwa jaribu hizi. Usije ukapiga risasi za mtu mwingine, unanisikia? Zangu tu."

"Sitapiga, baba."

Alimpokea bunduki, akavuta mkono wake chini kuhakikisha kwamba haina kitu, akatia ganda tupu mfukoni mwa koti lake. Ervin alikuwa amekwisha kutangulia kwenda kulitazama dume, akikanyaga umande kwa miguu ya mtu asiyedaiwa na dunia. Albina alisimama pale mtini hadi alipoweza kutembea, kisha akamfuata.